Kusanidi Mtandao wa Waya na Usio na Waya katika Seva ya Linux: Somo na Istilahi Zake

Utangulizi

Zipo kazi ambazo hufundishwa kwa Kiingereza hata pale ambapo mwalimu na mwanafunzi, mara watokapo nje ya maabara, huzungumza Kiswahili. Kusanidi mtandao wa seva ni mojawapo. Sababu inayotolewa aghalabu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo lina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi ambazo menyu zake zilikuwa za Kiswahili, na tangu hapo kampuni kadhaa kubwa za programu zimefuata mkondo huo. Orodha za istilahi za tarakilishi, kwa hivyo, zimekuwapo kwa muda. Ila neno lililomo katika orodha ni sawa na jembe lililotundikwa ukutani: halijulikani ubora wake mpaka litiwe shambani.

Makala hii inadhamiria kuyatia maneno hayo shambani. Inaieleza kazi yenyewe tangu mwanzo hadi seva inapojibu, na njiani inaonyesha kuwa usahihi wa istilahi katika kazi ya aina hii si suala la urembo wa lugha. Neno lenye maana mbili likimfikia mtu aliyeketi mbele ya seva laweza kumfanya afute diski nzima, au ajifungie nje ya mashine yake mwenyewe.

Ichukuliwe, kwa mfano, idara ya Kiswahili yenye seva moja. Ndani yake mna rekodi za fasihi simulizi ambazo wanafunzi wamezikusanya nyanjani kwa miaka mingi: ngano, vitendawili, nyimbo za arusi, mashairi ya wazee ambao baadhi yao wamekwisha kuaga dunia. Seva hiyo ina viungo viwili vya mtandao, kimoja cha kebo na kingine cha mawimbi ya redio. Mfumo wake ni Ubuntu Server. Aliyepewa kuisimamia ni mwanafunzi wa uzamili ambaye hakusomea tarakilishi. Mfano huu umebuniwa, lakini kila hatua inayofuata ni ya kweli, na mwanafunzi huyo ndiye atakayefuatwa hadi mwisho.

Maneno kabla ya amri

Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayozungumza na vifaa vyenyewe. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Ubuntu, Debian na majina mengine ya namna hiyo ni mikusanyo: kiini kile kile kikizungukwa na programu zilizoteuliwa na kupangwa na watu mbalimbali. Jambo hili lina uzito kwa sababu amri za kuuliza hali ya mtandao hufanana karibu katika mikusanyo yote, ilhali faili za kuhifadhi mipangilio hutofautiana. Mwenye kunakili maagizo ya Debian akayapeleka kwenye Ubuntu ya leo atajikuta akihariri faili ambayo haisomwi na yeyote.

Neno la kwanza la kupambanuliwa ni lile lililo katika anwani ya makala hii. Katika baadhi ya matini, vitenzi 'sanidi' na 'sakinisha' hutumiwa kwa kubadilishana nafasi. Hapa vinatengwa kabisa. Kusakinisha ni kuileta programu ikae katika mashine. Kitenzi hicho kinabeba ndani yake wazo la maskani. Kusanidi ni kuipangia programu ambayo tayari imo namna itakavyofanya kazi. Tofauti hii ikipuuzwa, madhara yake si ya nadharia. Mwanafunzi aliyeambiwa 'sanidi mfumo upya' na mtu aliyekusudia mipangilio ya mtandao, naye akaelewa kwamba anatakiwa kuusakinisha mfumo upya, ataingiza diski ya usakinishaji na kukubali swali la kufuta kila kitu. Nyimbo za arusi zitakuwa zimekwenda.

Neno la pili ni 'lango'. Hutumiwa kwa vitu vitatu visivyohusiana. Kwanza, tundu lililo nyuma ya mashine ambamo kichwa cha kebo huchomekwa. Pili, kifaa ambacho mawasiliano yote yanayokwenda nje ya mtandao wa ndani sharti yakipitie. Tatu, nambari inayoitambulisha huduma fulani ndani ya seva. Kwa mfano, huduma ya kuiamuru seva kutoka mbali husikiliza kwenye nambari 22. Agizo kama 'hakikisha lango liko wazi' halimwambii mwanafunzi kama atazame kebo, apime kifaa cha nje au akague ukuta wa usalama. Katika makala hii, cha kwanza kinaitwa tundu, cha pili lango, na cha tatu mlango. Si lazima uteuzi huu ukubaliwe na kila mtu. La lazima ni kuwa matini moja isiwe na neno moja kwa mambo matatu.

Kiungo ambacho kiini cha mfumo hukitumia kutoka kwenda mtandaoni huitwa kiolesura. Istilahi hii imezoeleka katika maana ya sura ya programu inayoonekana kwenye skrini, lakini inafaa hapa pia, maana dhana ni ile ile ya mahali pa kukutania. Kila kiolesura kina jina. Zamani majina yalikuwa mepesi: eth0 kwa kebo ya kwanza, eth1 kwa ya pili, wlan0 kwa mawimbi. Tatizo lake ni kwamba nambari zilitolewa kwa kufuata mpangilio ambao kiini kilivigundua vifaa, na mpangilio huo ungeweza kubadilika seva ilipowashwa upya. Kebo ya ndani ikawa ya nje, na ya nje ikawa ya ndani. Kuanzia mwaka 2013 ulianza kuenea utaratibu mwingine unaoleta majina kama enp3s0 na wlp2s0.

Majina haya huwatisha wageni, lakini mwanafunzi wa isimu ana bahati hapa, kwa kuwa yanachanganulika kama neno la Kiswahili. Katika enp3s0, mofimu en- inadokeza kebo ya Etheneti. P3 ni njia ya tatu ya kupachikia kadi ndani ya mashine kwa hesabu ya mashine yenyewe. S0 ni nafasi ya sifuri katika njia hiyo. Katika wlp2s0 kiambishi cha mwanzo kimegeuka kuwa wl-, yaani mtandao wa ndani usio na waya, na vilivyobaki vinafuata kanuni ile ile. Ajuaye kukigawa kitenzi 'hawatatupigia' katika viambishi vyake hana sababu ya kuliogopa jina lenye herufi sita.

Amri zenyewe na maneno yanayoandikwa ndani ya faili hayatafsiriwi. Ni kama majina ya watu: hubaki yalivyo, na sarufi ya Kiswahili huyazunguka. Husemwa 'enp3s0 imewaka', 'amri ya ping imerudi', na hakuna kinachoharibika.

Anwani na mpaka wake

Anwani ya mtandao ya toleo la nne ina biti 32, zinazoandikwa kama tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta, mathalani 192.168.10.5. Mara nyingi hufuatwa na mkwaju na tarakimu nyingine, kama /24. Hapa ndipo wengi hupotea, na istilahi imechangia. Sehemu hiyo ya mwisho, ikiandikwa kwa mtindo wa zamani wa 255.255.255.0, baadhi ya wafasiri huiita 'barakoa'. Barakoa kwa Mswahili ni kitu cha kuficha uso. Tarakimu hii haifichi chochote. Inachosema ni kwamba biti 24 za kwanza ni za mtaa na zinazobaki ni za nyumba.

Mfano wa anwani ya posta unasaidia zaidi. Barua inayopelekwa Kenya ina nambari ya sanduku pamoja na msimbo wa posta wa mji. Karani wa posta hutazama msimbo kwanza: ikiwa ni wa mji wake, barua huiweka sandukuni moja kwa moja, ikiwa si wa mji wake, huitia katika gunia la kwenda nje bila kujisumbua na nambari ya sanduku. Seva hufanya hivyo hivyo. Inapotaka kuipelekea pakiti anwani 192.168.10.77, hulinganisha biti 24 za kwanza na zake. Zikifanana, huipeleka yenyewe. Zisipofanana, huikabidhi lango. Kwa sababu hiyo istilahi 'kigawanyo' ingefaa kuliko barakoa.

Kutokana na maelezo hayo hutoka kanuni ambayo mwanafunzi hana haja ya kuikariri akishaielewa: anwani ya lango sharti iwe ya mtaa ule ule wa seva. Seva iliyo 192.168.10.5/24 haiwezi kupewa lango lililo 192.168.20.1, kwa kuwa ingelihitaji lango jingine ili kulifikia lango lake. Mtaa wa /24 una anwani 256. Ya kwanza ni jina la mtaa wenyewe na ya mwisho ni ya kuwaita wakazi wote kwa pamoja, hivyo zinabaki 254 za kugawiwa vifaa. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kwa mujibu wa waraka wa mwaka 1996 unaofuatwa hadi leo, na ndiyo maana vyuo elfu moja vyaweza kuzitumia bila kugongana.

Tarakilishi ya mhadhiri huweza kuachwa iombe anwani yoyote iliyo wazi. Seva haifai kuachwa hivyo. Anayetafuta rekodi ya ngano leo akaipata kwenye anwani moja, kesho asiikute hapo, atasema seva imekufa.

Upande wa kebo

Etheneti, teknolojia ya kebo inayotumiwa karibu kila mahali, ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, ikawekewa kiwango rasmi mwaka 1983. Uzee wake ni sifa. Mtu akichomeka kebo nzima kwenye tundu zima, mara nyingi hakuna la kufanya zaidi.

Hatua ya kwanza ni kuuliza hali ilivyo. Amri

ip link

huorodhesha violesura vyote. Kile cha kebo kikionyesha neno NO-CARRIER, kebo haijachomekwa, au imekatika, au kifaa kilicho upande wa pili kimezimwa. Hakuna mpangilio wowote wa faili utakaoponya hali hiyo, na ni ajabu jinsi watu wenye elimu wanavyoweza kuhariri faili kwa saa mbili kabla ya kuinama chini ya meza. Kiolesura kikionyesha UP bila ya neno hilo la kwanza, kazi ya faili inaweza kuanza.

Katika Ubuntu Server, tangu toleo la 18.04 la mwaka 2018, mipangilio ya mtandao huandikwa katika faili iliyo kwenye saraka /etc/netplan, yenye kikomo cha jina .yaml. Jina kamili hutofautiana kutoka mashine hadi mashine. Kabla ya kuigusa, mwanafunzi ainakili na kuihifadhi nakala hiyo nje ya saraka. Mpangilio wa kebo kwa seva ya idara ni huu:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      addresses:
        - 192.168.10.5/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
          metric: 100
      nameservers:
        addresses:
          - 192.168.10.1

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika maandishi haya ni weupe ulio kushoto. Nafasi tupu hapa ni sarufi. Mstari uliosogezwa ndani ni kishazi tegemezi cha mstari ulio juu yake. Ukisogezwa nafasi moja zaidi au kasoro, umehamia kwa bwana mwingine na maana imebadilika. Alama ya kuruka nafasi kubwa kwa mkupuo, ambayo wachapaji wa tasnifu huipenda, hairuhusiwi kabisa. Zitumiwe nafasi moja moja. Katika insha, kosa la uakifishi humnyima mwanafunzi alama. Katika faili hii humnyima mtandao.

Mstari wa 'to: default' unasema kwamba kila kisicho cha mtaani kipelekwe kwa lango. Sehemu ya nameservers inataja mashine itakayoulizwa majina, yaani itakayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu. Utaratibu huo wa majina ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na bila huo intaneti ingalikuwapo lakini kila mtu angelazimika kutembea na kijitabu cha tarakimu. Mstari wa metric utaelezwa baadaye.

Kujifungia nje

Sasa yaja hatua ambayo imewaliza wengi. Mara nyingi msimamizi wa seva hayuko mbele yake. Yuko nyumbani, pengine likizoni, ameingia kwa kupitia mlango wa 22 kutoka mbali. Akiandika amri ya

sudo netplan apply

mpangilio mpya unaanza kazi papo hapo. Kama ndani yake mna kosa, basi mawasiliano yanayobeba amri zake yenyewe yamekatika. Hawezi kurudi kusahihisha, kwa maana njia ya kurudia ndiyo aliyoibomoa. Seva iko hai, rekodi ziko salama, lakini imefungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake uko kwa karani, na karani amekwenda kwao hadi muhula ufunguliwe. Mtafiti aliyeahidiwa data wiki hiyo atangoja.

Waundaji wa programu hiyo waliliona jambo hili. Ipo amri nyingine,

sudo netplan try

ambayo huujaribu mpangilio mpya kwa sekunde 120 tu. Msimamizi akibonyeza kitufe cha kuthibitisha, mpangilio unabaki. Asipobonyeza, kwa kuwa amekatika au kwa kuwa amesita, seva inarejea kwenye mpangilio wa zamani. Ni desturi nzuri kuitumia amri hii kila mara, hata na mtu aliyeketi mbele ya mashine. Hata hivyo ina mpaka wake. Ikiwa kinachobadilishwa ni anwani yenyewe ambayo msimamizi ameingilia, kikao chake kitaganda hata kama mpangilio hauna kosa lolote. Hataweza kuthibitisha, na seva itarudi nyuma. Kwa hivyo kazi ya kubadilisha anwani ifanywe chumbani, kwa kibodi na skrini, hata kama inamaanisha kumtafuta karani.

Upande wa mawimbi

Mtandao usio na waya ni mgumu zaidi, na ugumu huo hauko katika faili. Kebo ni bomba la watu wawili. Hewa ni ya kila mtu. Katika mkondo mmoja wa mawimbi ni kifaa kimoja tu kinachoweza kusema kwa wakati. Vingine sharti vinyamaze na kungoja zamu, kama wazee barazani. Simu arubaini za wanafunzi zikiwa ukumbini, seva ni mzee wa arubaini na mmoja. Katika masafa ya gigahezi 2.4 mikondo ya 1, 6 na 11 ndiyo isiyoingiliana, ingawa nambari nyingi zaidi zimeorodheshwa. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, lakini mawimbi yake huchoka upesi yakipenya kuta, na majengo mengi ya vyuo ni ya mawe ya kuchonga. Haya yote ni ya kueleza kwa nini mawimbi yawe njia ya akiba ya seva wala yasiwe njia yake kuu.

Kabla ya kusanidi kuna mtego. Ili kiolesura cha mawimbi kifanye kazi, sharti programu iitwayo wpasupplicant iwe imesakinishwa, kwani ndiyo inayojadiliana na kituo cha mawimbi kuhusu neno la siri. Katika seva nyingi haimo. Ili kuipata inahitajika intaneti, na intaneti ndiyo inayotafutwa. Suluhisho ni kusanidi kebo kwanza, kuisakinisha programu hiyo kupitia kebo, kisha kuhamia mawimbi. Mfuatano wa makala hii haukupangwa kwa bahati.

Chini ya mpangilio wa kebo, kwa usawa wa neno ethernets, huongezwa:

  wifis:
    wlp2s0:
      optional: true
      dhcp4: true
      dhcp4-overrides:
        route-metric: 600
      access-points:
        "Idara":
          password: "neno la siri hapa"

Idara ni jina la kituo cha mawimbi katika mfano huu. Neno la siri la mtindo huu huwa na herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63. Kwa kuwa limeandikwa wazi, faili izuiwe isisomwe na mtumiaji mwingine wa seva kwa amri ya sudo chmod 600 ikifuatwa na jina la faili. Kuhusu usalama wa hewani, hakuna haja ya maelezo marefu. Utaratibu wa zamani wa WEP ulithibitishwa kuwa na udhaifu wa msingi mwaka 2001 na haufai kutumiwa popote. WPA2 ya mwaka 2004 ndiyo ya chini inayokubalika, na WPA3 ya mwaka 2018 ni bora kifaa kikiiweza. Vyuo vinavyotumia eduroam huhitaji pia jina la mtumiaji na maelezo mengine, ambayo kitengo cha tarakilishi cha chuo husika hutoa.

Nguvu ya mawimbi huulizwa kwa amri ya iw dev wlp2s0 link. Jibu huja kwa tarakimu hasi, na hapa hesabu ya shule ya msingi inarudi: -50 ni kubwa kuliko -80, na ndiyo yenye nguvu. Mashine inayosoma -80 itaunganika asubuhi na kupotea adhuhuri.

Seva yenye njia mbili

Violesura vyote viwili vikiwa hai, seva ina malango mawili na haina budi kuchagua. Hapo ndipo metric inapoingia. Ni gharama ya njia, na kama ilivyo sokoni, ya bei nafuu ndiyo inayochukuliwa. Kebo imepewa 100 na mawimbi 600, basi kila pakiti ya nje itapitia kebo maadamu ipo. Kebo ikichomolewa, njia ile huondolewa na mawimbi hushika kazi. Amri ya ip route huonyesha njia zote mbili na gharama zake.

Mstari wa 'optional: true' ni mdogo ila una faida. Bila huo, seva ikiwashwa upya wakati kituo cha mawimbi kimezimwa, inaweza kukaa hadi dakika mbili ikingojea kiolesura ambacho hakitakuja. Katika majengo ambayo umeme hupotea na kurudi, kusubiri huko hujirudia mara nyingi.

Violesura viwili visiwekwe katika mtaa mmoja wa anwani. Kebo ikiwa 192.168.10, mawimbi yawe 192.168.20 au mtaa mwingine wowote. Linux kwa kawaida huiona anwani kuwa mali ya mashine nzima, haiioni kuwa ya kiolesura kimoja. Vikiwa mtaa mmoja, swali lililoulizwa kuhusu anwani ya kebo laweza kujibiwa na kadi ya mawimbi. Matokeo yake ni hitilafu za kuja na kuondoka ambazo hazina mantiki machoni pa anayezitafuta.

Kuna kasoro nyingine ambayo gharama za njia haziitibu, na ni vyema ijulikane mapema. Seva huihama kebo pale tu tundu lake linapoacha kupata ishara. Ikiwa kebo imechomekwa kwenye swichi iliyo hai, lakini swichi hiyo yenyewe imekatika huko mbele, seva huiona kebo nzima na huendelea kutuma pakiti zinazopotelea gizani, huku mawimbi mazima yakiwa kando bila kazi. Tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na ulimwengu yamepanuka sana. Kukatika kwa kebo moja iliyozikwa baina ya majengo mawili ya chuo bado hutosha kuinyamazisha idara. Dawa yake ni programu ndogo ya kulipima lango kila baada ya muda. Pasipo hiyo, mwanafunzi ajue angalau kwamba taa ya kijani inayomemeta kwenye tundu inashuhudia habari za kebo hiyo tu.

Kupima

Upimaji hufanywa kutoka karibu kwenda mbali, na hatua isirukwe. Amri itumikayo ni ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Aliipa jina la mlio wa chombo cha nyambizi kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ni tanakali sauti, basi, na mwanafunzi wa fasihi hatakosa kuikumbuka.

Kwanza hupimwa lango: ping 192.168.10.1. Likikosa kujibu, tatizo liko ndani ya chumba au ndani ya faili: kebo, anwani au kigawanyo. Likijibu, hupimwa anwani ya tarakimu iliyo nje, kama 8.8.8.8. Hiyo ikikosa kujibu ilhali lango limejibu, kosa li katika mstari wa njia au liko upande wa pili wa lango, na hapo si kazi ya idara tena. Ikijibu, hupimwa jina badala ya tarakimu. Tarakimu zikifika na majina yasifike, mwenye kosa ni sehemu ya nameservers. Malalamiko ya 'intaneti haipo' yakipitishwa katika ngazi hizi tatu hubaki neno moja au mawili yenye kufanyiwa kazi.

Iwapo bado kuna fumbo, seva ina batli yake. Manahodha wa pwani huandika katika batli mambo ya kila siku ya safari, na mashine nayo huandika kila inalolifanya. Amri ya journalctl -u systemd-networkd huifungua kurasa zinazohusu mtandao. Maneno yake ni ya Kiingereza na ni mengi. Mwanafunzi aanzie mwishoni na kusoma kuelekea juu hadi akute jina la kiolesura chake.

Baada ya hapo seva izimwe na kuwashwa upya angali mwanafunzi yumo chumbani. Mipangilio mingi hufanya kazi vyema hadi umeme ukatike kwa mara ya kwanza. Ikirudi, apime ngazi zote tatu tena. Kisha achomoe kebo, angoje kidogo, aone kama 8.8.8.8 yajibu kupitia mawimbi, na aichomeke tena. Mwishowe aandike kwenye kipande cha karatasi majina ya violesura viwili, anwani ya kebo, lango lake, mahali nakala ya faili ya zamani ilipowekwa na tarehe ya siku hiyo, akibandike ubavuni mwa mashine, ndipo aurudishe ufunguo kwa karani.